Ufunguo wa G wa Mzee Tak

Tak Jun-mo, mzee wa kanisa na dobi wa mji wa Namwon, alikuwa amebakiza miezi miwili kufikisha miaka sabini, na katika kanisa lao mtu akifika sabini hurudisha joho la kwaya. Joho halikumuuma sana. Majoho yote arobaini yalifuliwa dukani kwake, angeendelea kuyapiga pasi hadi mikono imchoke. Kilichomkosesha usingizi ni ile rekodi. Kanisa lilikuwa linatimiza miaka sitini, kwaya inarekodi nyimbo kumi, na yeye alitaka sauti yake ibaki humo, katika ubeti wa pili wa wimbo wa Pasaka aliouimba peke yake miaka ishirini. Ufunguo wa G, noti ya juu kabisa, bila kutetereka.

Noti hiyo ilikuwa imemlevya. Waimbaji wenzake wa teno walipoanza kukwama, aliwapa pole iliyojaa kejeli. "Seo, wewe una miaka hamsini na nane tu unakwaruza hivyo? Kula peari na asali, bwana. Mimi koo langu halijui uzee." Baadaye, kila alipoyakumbuka maneno hayo, alitamani kungekuwa na dawa ya kuondoa madoa ya mdomo kama ile ya kuondoa madoa ya kola.

Jumamosi ya kurekodi walizima vipasha joto ili visivume, wakavaa makoti chini ya majoho. Mzee Tak mwenyewe alishuka jikoni akachomoa friji ya kimchi, ile kabichi ya kuchachusha, maana nayo ilikuwa inanguruma. Kisha akaimba. Aliifikia noti yake ya juu kwa raha mustarehe, akajifuta chozi kwa uzuri wa sauti yake mwenyewe.

Mchana walikula tambi za moto ukumbini. Ha-yun, fundi wa sauti aliyeletwa kutoka Jeonju, aliweka mezani karatasi yenye nyimbo zote ili wapange ipi itangulie. Mzee Tak aliutafuta wimbo wake kwanza, kama mtu anayejitafuta kwenye picha ya harusi ya wengine. Palikuwa pameandikwa: *Mwendo: 54. Ufunguo: D. Hali: maombolezo.*

"Binti, umechanganya karatasi," alisema. "Huu ni wimbo wa Pasaka. Bwana amefufuka!"

"Samahani, Mzee. Kwa nilivyosikia mimi, bado alikuwa anazikwa."

"Na ufunguo ni G!"

"Ni D, Mzee. Nimepima mara mbili."

Aligeuka ili wenzake wamcheke msichana huyo. Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa kwaya alikuwa anachunguza kipande cha figili kana kwamba kina maandishi. Mwishowe Shemasi Ok Mi-ran, mpiga kinanda, akaweka vijiti vya kulia chini.

"Ni mimi, Mzee. Kinanda kina kitufe cha kushusha ufunguo. Nilishusha kidogo ile Pasaka uliyokohoa. Halafu kila baada ya miaka miwili, kidogo tena."

"Mi-ran! Miaka mingapi?"

"Kumi."

"Na mwendo?"

"Mwendo ni wangu," mwalimu alikiri. "Ili upate pumzi."

"Mimi nimeshuka chini mpaka nasikia harufu ya soksi zangu," alisema Gong, besi, muuza tofu na rafiki yake tangu jeshini. "Lakini nani angekwambia, Tak? Ulikuwa unafurahi mno."

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Miaka kumi alikuwa akijisifu kwa kupanda ngazi ambayo watu walikuwa wakiishusha chini ya miguu yake. Na hata sasa, nafsi yake ilimnong'oneza kwamba labda anaweza. Akaisikiliza, kwani alikuwa na mazoea mabaya ya kuisikiliza.

"Twendeni juu. Weka G."

Mi-ran akaweka G. Mzee Tak akavuta pumzi, akaipandia noti yake, na sauti ikamtoka kama pasi ya mvuke iliyoishiwa maji. Ndipo akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kiti.

"Seo, njoo hapa. Ubeti ni wako. Na zile peari, nisamehe."

Seo aliimba katika G, akakwaruza kidogo, lakini akafika. Kwaya ikakimbia naye, mwendo wa mapigo themanini na manne kwa dakika, na Mzee Tak, akiwa kando ya Gong akibahatisha besi, alishtuka kugundua kwamba huo ulikuwa wimbo wa furaha. Alikuwa ameusahau. Iliuma, na bado alifurahi.

Walipomaliza, Ha-yun akauliza, "Ile ya asubuhi niifute?"

"Usithubutu. Mtaipiga kwenye mazishi yangu. Mwendo ule unawafaa wabeba jeneza. Ila hapo kwenye hali, futa maombolezo."

"Niandike nini?"

Alimtazama Mi-ran, aliyekuwa akifuta macho kwa mkono wa joho ambalo Mzee Tak mwenyewe alilipiga pasi jana yake. "Andika kwamba kwaya nzima ilimdanganya mtu miaka kumi kwa kumpenda, na hakuna hata mmoja aliyemcheka."

"Tulikucheka sana," alisema Gong. "Ila tulikuwa tunasubiri utoke kwanza."

"Basi andika hivyo hivyo," Mzee Tak alisema, akateremka kuichomeka friji ya kimchi.