Vidoa vya Manjano kwenye Maji ya Kanisa

Kila asubuhi kabla sijafungua lile kabati la joto huwa navuta pumzi kwanza. Wenzangu wa maabara wamezoea, hawanicheki tena. Ndani ya kabati hilo tunalaza visahani vya maji tuliyochota siku iliyotangulia kwenye mifereji, yaani koki za maji, za mji wa Eldoret. Maji yakiwa safi, kisahani hubaki kama kilivyoingia. Yakiwa yameingiliwa na uchafu wa choo, vidoa vya manjano huchipuka juu yake. Ukiondoa mitambo na kemikali, kazi yangu ni kufungua mlango na kutazama kama kuna rangi ambayo sitaki kuiona.

Ijumaa moja niliiona.

Kisahani kilitoka kwenye mfereji wa kanisa moja mtaa wa Pioneer. Kilikuwa kimejaa vidoa hadi vingine vimeungana. Niliangalia nambari ya kisahani, nikaangalia ya chupa, nikarudia tena. Kile kisahani kingine tunachokiwekea maji yasiyo na kijidudu chochote, ili tujue kama ni sisi wenyewe tulioleta uchafu, kilikuwa safi kabisa.

Hata hivyo nilianza kujishuku. Niliuchoma mdomo wa mfereji vya kutosha kuua vijidudu vyake? Kifuniko cha chupa nilikishika wapi? Niliukumbuka moto wa gesi ukilamba chuma, na maji nikiyaacha yatiririke kabla sijakinga. Hakuna nilichoruka. Ndipo nikakumbuka pia nani alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwenye mfereji ule.

Mama yangu alikuwa amekuja kukaa nami kutoka kwetu kando ya ziwa, kwa ajili ya goti lililohitaji kliniki. Si mtu wa kukaa bure. Kanisa liko nyuma tu ya ploti ninayoishi, na wiki hiyo akina mama walikuwa wakijiandaa kumpokea askofu Jumamosi. Mama alishinda huko akichambua maharagwe na kuosha vikombe, na alipohisi kiu alikinga maji pale pale mferejini, maana alisema maji ya kuchemsha yana ladha ya sufuria. Nyumbani tulikuwa tukibishana juu ya hilo. Aliponiona Alhamisi nimekuja kuchota, na koti langu jeupe na sanduku la barafu, aliwaambia wenzake kwa sauti, "Huyo ni mtoto yangu. Maji ya hii Eldoret yote, yeye ndiye anapima." Nilicheka nikaona haya.

Nilimpigia simu. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena.

Mkubwa wangu kazini ni mzee mpole wa Sugoi. Mchana huongea habari za klorini na jioni habari za mahindi. Nilimpelekea kisahani mkononi.

"Madam, umerudia?" aliniuliza.

"Bado, Mzee. Naenda kuchota ingine sasa. Lakini jibu ni mpaka kesho."

Alivua miwani akaiweka mezani. "Tukitangaza leo, halafu kesho tupate ni chupa tu ilikuwa na shida, watu hawatatuamini tena. Siku ya shida ya kweli watasema ni wale wale."

"Na tukinyamaza, kesho kanisa nzima inakunywa hiyo maji. Askofu anakuja."

Si mtu mbaya. Nilimwona akipima jambo lile pande zote. "Kufunga laini ya kanisa naweza, hiyo ni tahadhari," akasema. "Na waambie wa hapo kanisani wasikunywe. Kutangazia mtaa yote, tungoje jibu ya pili. Chukua pickup na fundi wa mifereji."

Sikumwambia kwamba mama yangu yuko kule. Niliogopa asije akadhani ni hofu ya mtoto kwa mama yake inayozungumza, si ya mkemia.

Tulipofika, akina mama walikuwa wamezunguka masufuria. Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki, goti amelinyoosha, simu yake imo ndani ya mkoba na mkoba umo ndani ya kanisa. Nilimtazama uso. Alionekana mzima. Nikaongea na mzee wa kanisa aliyekuwa akisimamia kazi, mwalimu mstaafu aliyevaa kofia ya sufu.

"Leo?" alisema. "Madam, leo ndiyo unafunga maji? Askofu yuko njiani kesho asubuhi!"

"Mzee, nisamehe. Maji haya yana uchafu. Sina hakika umetoka wapi, lakini yasinywewe. Vinywaji vilivyochanganywa nayo vimwagwe. Kupika kwa hayo pia muache."

"Uchafu gani?"

Kuna maneno ambayo hutaki kuyasema mbele ya chakula. "Wa choo," nikasema.

Mwiko mmoja ulisimama ndani ya sufuria. Kisha mama mmoja, mfanyabiashara wa nguo za mitumba ambaye ni rafiki ya mama yangu, akauliza taratibu, "Na ile tumekunywa wiki mzima?"

Nilisema anayeumwa na tumbo aende hospitali haraka, asingoje. Mama yangu, ambaye ana neno kwa kila kitu, alishika tu pindo la lesso yake na kutazama chini. Hilo lilinitisha kuliko kisahani.

Nilipima klorini. Kwenye bomba kubwa la barabarani ilikuwepo ya kutosha. Tone la dawa ya kupimia liliyageuza maji kuwa ya waridi. Kwenye mfereji wa kanisa hayakugeuka rangi hata kidogo. Kwa hiyo tatizo lilikuwa katikati ya hapo, na fundi akaanza kuifuata laini kwa sululu, akichimba kidogo, akisikiliza, akichimba tena. Udongo wa Eldoret ulikuwa umelowa kwa mvua na ulishika buti zetu kama ugali mbichi.

Tulikuta tatizo nyuma ya ukuta, kwenye ploti ya jirani. Mwenye ploti alikuwa amechimbisha shimo la choo. Waliochimba walilikata bomba la kanisa, na badala ya kumwambia mtu yeyote walilifunga kwa mpira wa tairi ya baiskeli na kulifukia. Maji yakiwa na nguvu, yalivuja nje. Siku za mgao wa maji, nguvu ikipungua, bomba lilifyonza kile kilichokuwa kimelizunguka. Fundi alichuchumaa akaukata ule mpira kwa kisu, akaunusa, akautupa mbali.

"Madam," alisema, "hii haihitaji maabara."

Alihamisha laini siku hiyo hiyo, mbali na shimo. Kanisa likaagiza lori la maji kwa ajili ya Jumamosi. Nilipeleka maabara chupa mpya nilizokinga kabla laini haijahamishwa, nikaweka visahani vyake kwenye kabati, nikaenda nyumbani. Mama alikula kidogo akasema amechoka. Nilimuuliza kama tumbo liko sawa. "Liko sawa," akajibu. Nilimuuliza tena mpaka akaudhika.

Asubuhi sikumkuta kitandani. Alikuwa ameinama chooni, ameshika ukuta, na miguu ilikuwa ikimtetemeka. Alikuwa amekwenda mara nyingi kabla sijaamka na hakuniita.

Hospitalini nesi kijana alimwekea dripu huku akiniuliza maswali. Anatapika? Ana joto? Ana miaka mingapi? "Mmekunywa maji ya wapi?"

"Ya mfereji. Pioneer, kule kanisani."

"Huyu ni wa tatu leo kutoka huko," alisema, akiandika. "Hawa watu wa maji wanafanya nini lakini?"

Mama alifumbua macho akanitazama. Nilifungua mdomo niseme, nikaona nesi ameshageukia mgonjwa mwingine. Nilikaa pale nikiangalia matone ya dripu yakishuka. Kichwa changu kilikuwa kinakimbia mbele yangu: mama mzee, mwili mdogo, maji yanamtoka mengi kuliko yanayoingia. Ninajua majina ya magonjwa yote yanayosafiri kwa maji. Siku hiyo nilitamani nisiyajue.

Nilimpigia mwenzangu wa maabara anifungulie kabati. Nilimsikia akivuta mlango. "Ni manjano," akasema. "Ni nyingi." Kwa mara ya kwanza jibu baya lilinipa nafuu, kwa kuwa sikuwa nimekosea, kisha nikajichukia kwa nafuu hiyo. Kabla ya saa sita mkubwa wangu alikuwa amepeleka gari lenye spika kuzunguka mtaa, likiwaambia watu wachemshe maji na wenye ploti waangalie laini zao.

Jumapili jioni mama alikaa kitandani akaomba uji. Wagonjwa wengine wa kanisani waliruhusiwa kwenda nyumbani mmoja mmoja, hakuna tuliyempoteza. Nilikuwa namnywesha mama kwa kijiko, ingawa mikono yake ilikuwa mizima, naye akaniachia. Kisha akaongea kwa lugha yetu, polepole.

"Nyathina," aliniita, yaani mwanangu, "jana nesi alipouliza, ulitaka kusema?"

"Nilitaka."

"Ungesema nini?"

"Kwamba ni mimi. Kwamba mimi ndiye mtu wa maji."

Alimeza uji. "Ulikuja mbio Ijumaa. Nilikuona ukiteremka kwenye gari kabla halijasimama. Mimi nilifurahi. Lakini nimelala hapa nikiwaza, je, ingekuwa kanisa ambalo mimi siko?"

Nilisema ningekuja vilevile. Nilisema haraka mno, na yeye hakusisitiza. Mpaka leo sijui kama nilimwambia kweli. Mkubwa angesema ngoja, na labda ningengoja nikaita kungoja huko utaratibu.

Visahani vya Jumatatu vilitoka safi. Nilirudia, vikatoka safi tena. Mkubwa wangu alisema yatosha, twende tukawaambie. Nilimwomba siku moja zaidi, akanitazama akanipa.

Nilipokwenda hatimaye kanisani, akina mama wachache walikuwa wakiosha sufuria kwa maji waliyobeba kwenye jerikeni kutoka mbali. Yule muuza mitumba, ambaye alikuwa mmoja wa waliolazwa, alijipangusa mikono akasimama mbele ya mfereji.

"Sasa tukunywe?" aliniuliza.

"Kunyweni," nikasema.

Alikinga kikombe. Alikiinua kwenye mwanga, akakizungusha, akanitazama mimi badala ya maji. Kisha akanywa, na mimi nikasimama pale nikimhesabia mafunda.