Kiraka cha Kaka Fan

Saa nne asubuhi, mjini Hsinchu. Kwenye kioo cha kompyuta ya Peng Hsiu-yun kuna viraka 612. Mashine imeshachagua 41.

Kiraka ni rekebisho la programu. Wenzake Peng huiboresha programu ya lifti kila siku. Yeye, mwenye miaka 46, huamua marekebisho yapi yaingie kwenye toleo thabiti, lile linaloendesha lifti ambazo tayari zinabeba watu. Akiacha kiraka cha lazima, kosa linabaki. Akiingiza kisichohitajika, huenda akaleta kosa jipya.

“Zamani nilivisoma vyote kwa macho,” anasema. “Nilikuwa naota viraka.”

Miaka mitatu iliyopita aliifunza mashine kwa kuilisha chaguo zake za miaka tisa. Sasa inasoma maelezo ya kila kiraka na kukipa alama ya umuhimu, kuanzia sifuri hadi mia. Juu ya mashine kuna pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi, hirizi ya mafundi wa huku ili mashine isigome. Peng anasema haamini mambo hayo. Ila ndiye anayeibadilisha pakiti kila inapokaribia kuisha muda.

Toleo la leo linatoka saa sita, kwa lifti za makazi ya wazee Zhudong. Peng anapitia viraka vilivyokataliwa. Kimoja, cha mwenzake mkongwe Fan Kuo-liang, kimepewa alama sita. Maelezo aliyoyaandika Fan: “Usafi kidogo tu. Samahani kwa usumbufu.”

Anakisoma chenyewe. Anasimama.

“Kaka Fan! Huu usafi gani?”

Fan, 63, anainua uso kutoka kwenye bakuli la tambi za mchele. “Si kitu, Hsiu-yun. Nimefagia tu.”

“Umefagia nini? Hapa lifti ilikuwa inaondoka mlango uko wazi!”

“Mara chache sana.”

“Wazee wanatembelea magongo, wewe unaniambia mara chache!”

“Sasa niandike nini? Fan shujaa kaokoa taifa?”

Ofisi inacheka. Peng hacheki, amerudi kwenye kumbukumbu za miaka ya nyuma. Viraka vya Fan viliingia karibu vyote, lakini kila mara Peng alimuuliza kwanza kwenye chai, kisha akaandika maelezo upya yeye mwenyewe, ili mzee asilazimike kujisifu. Mashine ikajifunza maneno ya Peng. Ya Fan haikuwahi kuyaona.

“Haikukosea,” anasema. “Ilisoma nilichoipa.”

Anakusudia kuifunza upya kwa maelezo ya Fan kama alivyoyaandika, kabla mzee hajastaafu mwezi wa tatu. “Akishaondoka nitamuuliza nani?”

Ila cha leo amemrudishia Fan mwenyewe, ayaandike upya maelezo. Fan anaandika, anafuta, anaandika tena.

“Naona haya, Hsiu-yun.”

“Ona haya, kaka, lakini andika.”

Saa tano na dakika hamsini Fan anabonyeza kutuma: “Bila kiraka hiki, lifti inaweza kuondoka mlango ukiwa wazi. Mtu anaweza kufa.”

Mashine inakipa alama tisini na saba. Saa sita kamili, toleo linatoka na viraka 42.