Picha ya Kuambiwa Sikioni

Jumamosi iliyopita mwanangu aliniletea zawadi ndani ya boksi. Akaniwekea magotini, akaniongoza vidole mpaka nikagusa: visikilizio, vile vikubwa vya kufunika masikio, laini kama mto wa mtoto mchanga. "Baba," akasema, "ukivaa hivi, kuna mama anakusimulia filamu yote. Nani kaingia, nani katoka, nani kakasirika. Sasa hutamsumbua mtu." Alisema kwa wema, Mwenyezi Mungu amlipe, nami nikamshukuru kwa wema. Lakini lile neno la mwisho lilishuka kifuani likakaa, na mpaka leo halijaondoka.

Utaniuliza, ndugu yangu, limekaa kwa nini. Nisipokueleza habari za Bibi utaniona mzee asiye na shukrani. Kwanza ujue kwamba haya nayasema kwa mdomo na rafiki yangu wa msikitini, mtu wa Mombasa, ndiye anayeniandikia. Macho yangu yamekwisha. Presha ya macho iliyachukua polepole, kutoka pembeni kuja katikati, kama mwenye duka wa zamani anavyofunga mbao za dirisha, ubao mmoja mmoja. Alhamdulillahi, mwanga wa taa bado nauona. Nyuso, hapana.

Nilizaliwa Nakuru, mtaa wa Bondeni. Baba alikuwa Msomali wa malori, leo yuko, kesho yuko njiani. Mama alikuwa Mswahili wa hapo hapo, na tuliishi kwa mama yake, Bibi yetu, ambaye alikuwa amepofuka kabla mimi sijazaliwa. Ukuta wa ua wetu ulikuwa mmoja na wa jirani yetu Mhindi, mwenye duka la vitambaa. Jirani huyu alikuwa na mashine ya sinema. Aliinunua kwa Mzungu mmoja wa shamba aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao, na picha zenyewe zilimjia kwa treni kutoka Nairobi, ndani ya makopo ya bati. Jumamosi, baada ya magharibi, alikuwa anakunjua bafta nyeupe kutoka kwenye jora la dukani, anaitundika uani kwake, na mlango wa kati ya nyua mbili unafunguliwa. Wanaume upande wa ukuta, wanawake na watoto wadogo kwenye mikeka. Nakuru kuna baridi usiku, tulijifunika blanketi watoto wengi pamoja. Kulikuwa na bajia za moto ndani ya gazeti, na upepo ukivuma kutoka viwandani ulileta harufu ya pareto, yale maua ya kuulia wadudu. Hata sasa, nikinusa dawa ya mbu, nasikia mashine ile ikikereza.

Lakini picha haikuwekwa hivi hivi. Ilichaguliwa, na aliyeichagua alikuwa Bibi, kipofu.

Alasiri ya Jumamosi mke wa jirani alikuja mpaka mlango wa jikoni. Bibi alikuwa akichambua mchele kwa vidole, na hatukuwahi kung'ata jiwe. "Mama, leo iko mbili," mke wa jirani alisema. "Moja ya ndugu wawili, wanapotezana utotoni. Ingine nyimbo nzuri sana, lakini yule msichana anacheza, anacheza, hachoki."

"Hiyo ya msichana," Bibi aliuliza, "huyu mtoto ataweza kuniambia sikioni?"

Mke wa jirani alicheka. "Ataweza wapi, Mama."

"Basi weka ya ndugu wawili."

Huyo mtoto nilikuwa mimi. Kazi yangu Jumamosi ilikuwa kukaa ubavuni kwa Bibi, mdomo wangu sikioni mwake, nimwambie picha. Kabla yangu kazi ilikuwa ya binamu yangu mkubwa, na nilipokua nikapelekwa upande wa wanaume, akaishika dada yangu mdogo. Haikuwa adhabu. Tuliigombania. Na kwa sababu ilikuwepo, kila picha iliyoingia ua ule ilikuwa imekwisha kupimwa: je, inasemeka? Bibi alikuwa na neno lake, alilirudia mpaka likawa kama methali ya nyumba yetu: "Picha isiyosemeka sikioni mwa mkubwa, usiiweke mbele ya mdogo." Nimesoma vitabu vingi vya dini tangu siku hizo, nimekaa mbele ya masheikh, na sijapata kipimo chepesi kuliko hicho cha kuchagulia watu wa nyumbani kitu cha kutazama.

Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani hakupenda sinema. Siku moja Bibi alimuuliza waziwazi kama anapata dhambi. Mwalimu alimjibu: "Wewe, mama, jicho lako Mungu amekwisha kuliinamisha mwenyewe. Sina la kukwambia." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mwenye mtihani. Usemi ni amana. Usiongeze, usipunguze."

Nilipunguza. Si mara nyingi. Hata katika picha nzuri za Kihindi za siku hizo mvua ilikuwa hainyeshi bure. Ikinyesha ujue mwanamume na mwanamke wako karibu. Muziki ulianza, na Bibi akauliza lile swali lake, "Na sasa?"

"Mvua inanyesha, Bibi."

"Na wao?"

"Wanalowa."

"Bado wanalowa?"

"Bado, Bibi."

"Watapata homa hao," alisema, na mikeka yote ikatikisika kwa kicheko, maana wanawake wote walikuwa wakitusikiliza sisi kuliko ile mashine.

"Na sasa?" Sauti hiyo bado ninayo. Aliuliza kila nilipozubaa, na nilizubaa sana, maana picha ilinimeza. Wakati mwingine alinisukuma na kiwiko: "Meza hizo njugu kwanza, halafu useme, unanitemea sikioni." Na alinifundisha kutazama, yeye asiyeona. Nikimwambia, "Mama mtu analia," alinikatiza. "Kilio nakisikia, mimi si kiziwi. Niambie mikono yake iko wapi."

Nikatazama tena. "Imeshika mlango, Bibi. Hataki kuufunga."

Hapo ndipo alipovuta pumzi, na nikajua ameiona.

Bibi alifariki nikiwa kijana. Sanda yake ilitoka kwa yule jirani, alikata bafta mwenyewe na akakataa kulipwa. Sikuuliza ilitoka jora gani. Miaka michache baadaye jirani naye alihama na watu wake, sisi tukatawanyika, na mimi nikaishia hapa Birmingham, nikafanya kazi ya kuyeyusha chuma mpaka nikastaafu. Mke wangu ametangulia mbele ya haki. Naishi mtaa wa Alum Rock kwa mwanangu, nyumba ya matofali mekundu iliyobanana na nyingine, hatua chache kutoka barabara ya maduka. Duka la kukodisha filamu lililokuwa pale kwenye kona sasa ni duka la simu. Filamu siku hizi hazikodishwi. Zinatoka hewani, nyingi kama mchanga, na wajukuu wangu wawili wa kiume wanaweza kuzipekua mpaka chai inapoa bila kukubaliana hata moja.

Hata hivyo Jumamosi tulikaa pamoja. Wakati wa baridi isha huingia mapema, tukishaswali mkaza mwanangu alileta sambusa na chai ya iliki, watoto wakaagiza chipsi zao, na runinga ikawashwa. Macho yalipoanza kunikimbia niliogopa kusema. Kisha msimu wa baridi uliopita nikamwita mjukuu wangu wa kike, mdogo kuliko wote, nikamwambia, "Njoo ukae hapa kwa Babu. Uniambie."

Kiswahili anakisikia. Kukisema ni jambo lingine. Ukimwambia kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, kama kaka zake. Lakini alijaribu, mtoto wa watu. Alinipumulia sikioni, ana harufu ya siki ya chipsi: "Babu, kuna mzee. Ana mbwa. Ana-climb ngazi. Amechoka sana."

"Mikono yake iko wapi?"

"Ameshika ile... ile ya mlango. Sijui neno, Babu."

"Kitasa."

"Kitasa," akasema taratibu, kama anaonja chakula kigeni. Filamu ilikuwa imekwisha kupita hapo, lakini mimi nilikuwa nimeona, wallahi, niliona.

Wiki chache zile nilimshukuru Mungu kwa namna ambayo sikuwa nimemshukuru tangu mke wangu afariki. Kwa sababu, angalia lililotokea: mwanangu alianza kuchagua. Alishika rimoti, nikamsikia akiruka hii na ile. "Hii hapana," alimwambia mkewe, "huyu mtoto ataisemaje kwa Babu?" Bila kujua, alikuwa akisema maneno ya Bibi, mtu ambaye hakuwahi kumwona. Tulitazama filamu nzuri sana wakati huo. Ile ya mzee na mbwa wake. Ile ya msichana anayetembea milimani kutafuta shule. Tulicheka pamoja na tukanyamaza pamoja, na mkaza mwanangu alilia mpaka akaenda jikoni akisema anatazama chai.

Nilijidanganya kwamba mtoto ataendelea. Nilitaka hilo tu, ndugu yangu, sikutaka jingine: asiache. Kwamba lugha itamrudia kwa kupitia sikio langu, neno baada ya neno, kitasa, ngazi, mlima, mpaka siku moja aseme bila kusita.

Kaka zake walimcheka. Hawakuwa na ubaya, ni vijana. Mmoja alisema kwa Kiingereza kwamba anaongea kama mtangazaji wa uwanja wa ndege. Mwingine, huyu anayejitahidi Kiswahili akitaka kuudhi, akasema, "Babu, tunatazama filamu ama tunafanya homework?" Walisema kweli, walishindwa kuisikia filamu. Kila wiki mtoto alipunguza sauti. Kisha akapunguza maneno. Jumamosi moja sikumsikia akija. Alikuwa amekaa kwenye sofa na kaka zake. Nikauliza kutoka kitini kwangu, "Na sasa?"

Alinijibu kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba hakuna kitu kinachotokea.

Nilikuwa namsikia mwanamke ndani ya filamu akilia kwa nguvu.

Sikumlaumu, na simlaumu leo. Nadhani baba yake aliona, ndiyo maana akaenda dukani.

Basi Jumamosi hiyo ya zawadi nikavivaa visikilizio. Mwanangu akabonyeza anapojua, na kweli, mama mmoja wa Kiingereza akaanza kuniambia. Anasema vizuri. Hakohoi, hali njugu, hazubai. Mwanamume anapanda ngazi. Anasimama. Anatazama dirishani. Hata mikono aliisema bila kuulizwa. Kiingereza nakijua, nimefanya kazi nacho miaka mingi, hakuna kilichonipita. Nikajiambia, mzee, shukuru, una nyumba yenye joto, una mwana anayekufikiria. Nikashukuru.

Kisha filamu ikafika pahali ambapo yule mama, kwa sauti ile ile ya utulivu, alianza kuniambia mambo ambayo sitamwambia rafiki yangu ayaandike. Aliyasema yote. Hakupunguza. Na mimi nimekaa chumba kimoja na mkwe wangu na mjukuu wangu wa kike, nikijua sasa wanachokitazama, na hakuna aliyegusa rimoti. Kwa nini waguse? Hakuna tena mtoto atakayeulizwa. Zamani kitu kile kisingefika, kingezuiliwa mlangoni na mwanamke kipofu mwenye ungo wa mchele.

Nikavivua.

"Havifanyi kazi, Baba?" mwanangu aliuliza.

"Vinafanya, mwanangu. Vinafanya vizuri sana."

Muumini amekatazwa kukata tamaa ya rehema ya Mola wake, na mimi sijakata. Naisubiri nikiwa kitini, nikiwa kitandani. Lakini la duniani hili nimelikatia tamaa, na heri niseme kweli. Ua ule haupo. Wale wanawake wa mikekani wote wamelala udongoni, na dada yangu mdogo, wa mwisho aliyejua kusema picha sikioni, tulimzika mwaka juzi kwa simu, nikisikiliza dua kutoka Nakuru. Kazi hiyo iliteremka kutoka mtoto hadi mtoto, na ilipofika kwangu kama mwenye haja, mikono ya kuipokea haikuwepo. Nikiondoka, hakuna nyumba itakayouliza kabla ya kuwasha runinga: je, hii inasemeka?

Nilikaa hivyo, visikilizio magotini, filamu ikiendelea. Wavulana walikuwa wamezama kwenye simu zao, nilisikia vidole vyao vikigonga kioo. Muziki ukabadilika. Halafu nikasikia mvua.

Nilisikiliza sana. Hapa Birmingham hunyesha wakati wowote, na kiti changu kiko karibu na dirisha. Sikuweza kujua kama ni mvua ya kwenye picha au ni ya nje.

"Na sasa?" nikauliza.

Mvua iliendelea kunyesha.