Mji Mzima Kasoro Mama

Mwaka jana nilialikwa kuwaeleza watu wa kisiwa chetu cha Amu biolojia sanisi, na kwa wiki mbili nilipoteza adabu. Mimi, mwalimu wa sekondari ambaye wanafunzi wake husinzia akifika kwenye mizizi ya maharagwe, nilipita vichochoroni nikiitikia salamu kwa ufupi, eti nina shughuli na dunia.

Nyumbani mama alikuwa na kisukari, na kidonda kwenye kidole cha pili cha mguu wa kushoto. Cha kwanza kilishakatwa. Daktari alisema vidonge vimeshindwa. Asipoanza sindano za insulini, na hiki kitakwenda. Mama akakataa. Alisikia hutolewa kwa nguruwe. Nikamwambia si kweli, ajidunge tu. Yeye akaendelea kukoroga mkate wa sinia wa wateja wake, nami nikarudi kwenye hotuba yangu.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Palikuwa na sambusa. Nikaeleza kwamba mafundi wa siku hizi husoma maagizo yaliyomo ndani ya kiumbe, yaani jeni, kisha huyaandika upya. Wengine hutengeneza vijidudu vinavyong'aa maji yakiwa na sumu. Wengine wanatafuta hariri ya buibui bila buibui, au harufu ya waridi itokayo kwenye pipa. Wapo wanaojaribu kuunda seli nzima tangu mwanzo, na hapo mzee mmoja akaleta istighfari kwa sauti ya kutosha. Bwana mwingine akauliza kama kuna kijidudu cha kumaliza mavi ya punda. Nikasema utafiti unaendelea, jibu ambalo walimu hulitumia wakiwa hawajui.

Insulini niliiweka mwisho, kama halua. Zamani, nikasema, ilitolewa kwa nguruwe na ng'ombe kweli. Leo hamira hupewa maagizo ya mwili wa binadamu, ikalishwa sukari, ikatoa insulini. Nguruwe hana kazi hapo. Watu wakaafiki kwa vichwa. Kisha Bi mmoja, jirani yetu, akauliza kwa upole kutoka safu ya wanawake, "Mwalimu, na mamako ameshaianza dawa hiyo?"

Amu mguu wa mtu ni habari ya mtaa. Nikasema muda umekwisha.

Nilipofika nyumbani jirani alikuwa ameshampigia mama simu. Nilimkuta jikoni, hamira inafura kikombeni.

"Kumbe hii ndiyo itoayo dawa," akasema. "Na zamani kweli ali nguruwe."

"Kweli, mama."

"Basi mimi si mjinga. Mui mzima umewaeleza kwa kituo. Mimi mamako umeniamuru."

Niliona haya ambayo sikuiona hata pale ukumbini. Nikavuta kigoda, nikamweleza yote upya, taratibu, na maswali yake yalikuwa makali kuliko ya ukumbi mzima. Mwisho akaniambia nilete hiyo shindano. Nilikuwa nikivuta dawa kutoka kichupa tulichopewa na daktari, aliponiuliza, "Mambo haya, mwanangu, wayayua tangu lini?"

"Tangu chuo kikuu."

Akautazama mguu wake wa kushoto.

"Wakati huo," akasema, "nali na vyanda vyote."