Mkaguzi Achagua Jigso

Mume wangu ni fundi wa makabati, na mtaa mzima unamwita Mkaguzi. Hawamwonei. Ukimpa glasi ya maji, kwanza ataiinua kwenye mwanga. Akinunua chumvi, anatafuta tarehe ya kuharibika. Siku tuliyooana aliivua pete kidoleni mwangu akachungulia ndani kama ni ya kweli, na pete ile aliinunua mwenyewe! Mimi ndiye ninayepaka vanishi karakanani kwetu, na hata mikebe yangu huinusa kabla sijachovya brashi. Nimezoea.

Tatizo lilianzia kwenye kingo. Tulikuwa na kazi ya jikoni kwa nesi mmoja mwenye nyumba mpya: makabati, mbao za urembo kuzunguka milango, na meza nzito ya mbao ngumu itakayotobolewa katikati ili sinki likae. Tundu kama hilo hukatwa kwa jigso, ule msumeno mdogo wa umeme wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka, unaoweza kufuata kona. Juu ya mbao, mkato ulifuata mstari wa penseli vizuri kabisa. Ukiigeuza mbao, unakuta chini umeenda mshazari, sinki halikai. Meza ya kwanza ikaharibika, na ya pili nayo. Nesi akasema ikiharibika nyingine atatafuta mafundi wengine.

Mafundi wetu ni wawili tu, mume wangu na mdogo wake. Kwenye meza zile walikuwa wakipokezana jigso, anayechoka anampisha mwenzake, kwa hiyo hakuna aliyejua kwa hakika mkato mbaya ni wa nani. Hakuna isipokuwa Mkaguzi, ambaye alishajua.

"Huyu anaisukuma mashine," akaniambia. "Ana haraka. Sijui siku hizi kichwani mwake kuna nini."

Shemeji yeye alisema jigso yetu imezeeka, kitako chake, lile bati la chini linalolala juu ya mbao, kinacheza. Hilo lilikuwa kweli, hata mimi nilikiona kinacheza. Lakini mume wangu akishaingiwa na shaka haambiliki. Alitoa hukumu tukiwa tunakula, mke wa shemeji na watoto wao wakisikia.

"Tutanunua mashine mpya, nzuri, nitakayoichagua mwenyewe. Kazi ikiharibika tena, mdogo wangu, ujue ni mkono wako. Utafunga vifaa vyako utafute karakana nyingine."

"Sawa, kaka," shemeji akasema, akaendelea kutafuna.

Mkewe ndiye aliyeacha kula. Wanaishi vyumba viwili vya uani kwetu, na mumewe akiikosa karakana, humo vyumbani wataendelea kukaa kwa uso gani? Nilikasirika hadi nikaondoa sahani ya mume wangu kabla hajamaliza.

Dukani tulikwenda watatu. Mimi nilijialika. Mkaguzi alibana kwapani skwea yake, ile rula ya pembe mraba, na kubeba kipande kilichobaki kutoka kwenye meza iliyoharibika, kwa sababu mbao za kujaribia za dukani, alisema, zimechaguliwa laini makusudi, hata kisu cha mkate kinazikata.

Mwenye duka alikuwa mama mmoja mnene wa maneno machache, miwani ikining'inia kifuani. Alituwekea maboksi matatu juu ya kaunta.

"Hili boksi limeshafunguliwa," mume wangu akaanza.

"Nimelifungua mimi, fundi. Kuna watu hutaka kuona kwanza."

"Watu gani?"

"Kama wewe."

Akazitoa mashine. Hapo sikumcheka, maana kwenye vifaa anajua anachokitafuta. Alishika moja moja kuona kama uzito umekaa chini, karibu na mbao, au umekaa juu ambako mashine huyumba. Alikandamiza kitako kwenye kioo cha kaunta kuona kama kimelala chote. Alifunga bledi akaisukuma kwa kidole kushoto na kulia, kisha akachungulia kama kile kigurudumu cha nyuma kinaugusa mgongo wake, kwa sababu kisipougusa, bledi hupinda ikiwa ndani ya mbao nene. Aliwasha, akazima, akasikiliza. Moja aliikataa hapohapo, bledi yake ilicheza kama jino la mtoto. Zikabaki mbili, ya kijani na nyeusi.

"Hii nyeusi mbona bei yake ya kirafiki sana?" akaninong'oneza, jicho kwa yule mama. "Tutauziwa mbuzi kwenye gunia."

Shemeji akanyoosha mkono ili akate yeye.

"Niache," mume wangu akasema. "Sitaki mkono wa mtu uniharibie jaribio."

Akabana mbao, akakata kwa ile nyeusi. Akaigeuza, akaweka skwea. Mshazari. "Si nilisema mimi!" Akachukua ya kijani, ile ya bei kali. Nilimwangalia anavyoikandamiza, bega limepanda, mkono wote kaulaza juu ya mashine. Akageuza. Mshazari vilevile.

"Zote feki!" akasema kwa sauti, wateja wengine wakageuka. "Mama, unatupiga changa la macho."

Yule mama akavaa miwani. Hakumtazama yeye, alitazama mikato.

"Mashine mbili, kosa lilelile," akasema. "Mpe mwenzako akate."

"Huyu ndiye anayeniharibia kazi!"

"Mpe," nikasema. Ile sauti huwa siitumii ovyo, na anaijua.

Shemeji alishika ya kijani. Hakuikandamiza. Aliiongoza tu, akaiacha iende kwa mwendo wake. Mume wangu alimnyang'anya mbao kabla vumbi halijatua, akaweka skwea, nayo ikakaa bila mwanya. Machale yakamcheza. Akasema mdogo wake amekata sehemu laini. Akabadilisha bledi. Akachora mstari mwingine kandokando ya mkato wake mwenyewe, akamwambia akate kwa ile nyeusi. Wima. Akamwambia akate kona. Kona nayo ikatoka sawa juu na chini.

Mume wangu alikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia akivitazama, kisha akaketi juu ya katoni ya misumari.

"Unakufa ganzi," akasema. "Kidole gumba hakishiki tena. Nisipoilalia mashine, inanitoroka."

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu tulipofunga milango ya yule mteja wetu mwalimu," shemeji akajibu, taratibu. "Kingo zako huwa nazirudia kwa randa, kaka. Hizi za sinki ndizo zilizonishinda. Ndani ya tundu randa haiingii."

Damu ilinipanda. "Na ukakaa kimya? Mtu anakutishia kukufukuza mbele ya wanao, wewe unatafuna tu?"

"Shemeji, ningesema, angeniamini?"

Sote tulimgeukia Mkaguzi. Nilitegemea aruke, akane, atafute kasoro kwenye swali. Aliinamisha kichwa.

"Nisingekuamini," akasema. "Nilikuwa naomba iwe ni wewe. Ukiwa wewe, unaondoka, kazi inaendelea. Nikiwa mimi, naenda wapi?"

Nililia palepale dukani, tena sikujificha. Nilikuwa bado nimemkasirikia, na nilimhurumia, na sikujua kipi kizidi.

Shemeji alifungua bledi, akapuliza vumbi kwenye kitako, akairudisha mashine juu ya kaunta.

"Huendi popote," akasema. "Wewe utapima na kuchora, mimi nitakata. Ila, kaka, nikikuambia mkato uko wima, uniamini. Usije ukanisimamia begani."

Mume wangu aliichukua skwea yake, akaibana tena kwapani.

"Nitajaribu," akasema.

Yule mama akavua miwani, akauliza atufungie ipi, na mume wangu akamtazama mdogo wake ili yeye ndiye ajibu.