Fundi Kitwana na Kigari Kilichong'aa Kupita Kiasi

Jua la saa tano limeshachemsha mabati ya gereji za Gerezani, Dar es Salaam, na fundi Kitwana Bakili amepiga magoti mbele ya mlango wa Toyota, kitambaa kimefungwa puani, msasa mkononi. Anasugua, anamwagia maji, kisha anafumba macho na kupitisha kiganja polepole.

"Jicho linadanganya," anasema. "Mkono ndio unaojua kama bado pana bonde."

Akiridhika ananawa kwa thina ya kuyeyushia rangi, anajifuta, na kutoa kwenye mfuko wa shati kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa cha flana. Ni gari. Cadillac nzima, ya chuma, ya rangi ya waridi, ndefu kama kidole cha kati, ina mapezi mawili nyuma.

"Unayaona mapezi haya? Mmarekani alitaka gari liogelee," anasema, na mafundi wenzake wanacheka kwa adabu, maana wameshausikia mzaha huo mara nyingi.

Kitwana, mwenye umri wa miaka 56, anakusanya vigari vya chuma vilivyoundwa kwa mfano wa magari ya zamani ya Kimarekani. Vya plastiki hataki. Vya mfano wa magari ya Kijapani hataki pia, ingawa magari ya Kijapani ndiyo yanayomlisha. Kwenye kabati lake la vioo, katika chumba anachopanga karibu na soko la Kariakoo, vipo zaidi ya arobaini, na vyote vinang'aa kama vimetoka kiwandani jana.

Mkewe, Chausiku, alipoona cha kwanza alidhani mumewe amemnunulia mjukuu zawadi. Alipoona cha kumi alimwita shangazi yake aje kusuluhisha.

"Nilimwambia Baba Bakili, wenzako enzi hizi za ruksa wananunua redio, wananunua majokofu, wewe unaleta vyuma vya kuchezea watoto, na watoto wenyewe huwaruhusu kuvigusa!" anasema Chausiku. "Sasa nimezoea. Hata vumbi lake nalifuta mimi."

Mapenzi hayo yalianza kabla ya uhuru, Kitwana alipokuwa kijana wa kuosha magari katika gereji moja ya Barabara ya Pugu. Mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge alikuwa akija na Chevrolet pana, na siku moja Kitwana akaachiwa aipake nta.

"Nilisugua ubavu wake mpaka nikajiona mzima, kichwa hadi miguu. Nyumbani tulikuwa na kipande tu cha kioo. Nilikuwa sijui nimenyooka hivi," anasimulia.

Gari likaondoka na mwenyewe. Kitwana akajifunza kupiga rangi, na mwalimu wake akampa amri moja ambayo hajaivunja: gari halirudi kwa mwenyewe na kovu. Hata miaka ya themanini mwanzoni, rangi ilipokuwa adimu kuliko sukari, alichanganya masalia ya makopo, na gari lililoingia jeupe likatoka na rangi isiyo na jina. Lakini likatoka bila kovu.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, na marobota ya mitumba yakamwagwa juu ya maturubai Mtaa wa Kongo. Ndani ya robota moja la midoli iliyokatika vichwa, Kitwana akakiona kigari cha chuma kimelala kifudifudi. Alikigeuza. Ilikuwa Chevrolet, na anasema wazi kwamba machozi yalimtoka mbele ya wauzaji.

Tangu hapo kila anachookota hukiloweka mpaka rangi ya zamani ibanduke, hukisugua kwa msasa, kisha hukipaka rangi mpya kwa bomba la dawa ya mbu alilolibana mdomo. Sifa zake zikaenea, na mwaka jana zikamfikia mama mmoja mwenye duka la vitambaa mtaa wa Mchafukoge.

Huyo ni Jasumati, mjane wa marehemu Ravindra. Alimpelekea Kitwana kigari cha mumewe, Chevrolet ya kijani iliyong'oka gurudumu la mbele. Ombi lake lilikuwa fupi: "Fundi, nirudishie gurudumu."

Kitwana alirudisha gurudumu. Kisha akaona paa limechubuka katikati, rangi imekwisha kabisa mpaka chuma kinaonekana. Roho ikamuuma. Mama wa watu mjane, kigari cha marehemu, na kovu utosini! Akaivua rangi yote, akachanganya kijani kilekile kwa siku kadhaa mpaka kikafanana, akapiga mikono mitatu ya rangi na vanishi juu. Hakutaka malipo ya rangi. Hiyo ilikuwa zawadi.

"Nilikwenda nimevaa shati la Ijumaa," anakumbuka.

Jasumati alifungua flana, akakigeuzageuza, akapitisha kidole gumba juu ya paa. Akapitisha tena.

"Fundi, pale palipochubuka pameenda wapi?"

"Nimepaziba, mama. Hutapaona tena."

"Mimi nilikuambia gurudumu," alisema yule mama, na akaketi.

Ndipo akamweleza. Ravindra alikaa kwenye kaunta ile zaidi ya miaka ishirini, na kila alipongoja mteja, au alipofikiri, au alipokasirika akakataa kusema, alisugua paa la kigari kwa kidole gumba. Rangi ilitoka kidogo kidogo. Alipofariki, pakabaki mviringo wa ukubwa wa kidole chake, na mkewe alikuwa akiweka cha kwake hapo kila asubuhi kabla ya kufungua duka.

"Hakunitukana. Alinishukuru, akanipa na chai," anasema Kitwana. "Bora angenitukana. Ile chai sijui niliimezaje."

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu amemkalia Kitwana mgongoni. Kwa miezi alizunguka mtaa mwingine ili asipite mbele ya duka lile. Nyumbani alifungua kabati na kuviangalia vigari vyake kwa jicho geni. Kimoja, anakumbuka, kilikuwa na herufi mbili zilizokwaruzwa tumboni kwa msumari. Alizisugua mwenyewe.

"Mtoto fulani huko Ulaya aliandika jina lake. Mimi nikaona uchafu. Sasa niambie, mimi ni fundi au ni mharibifu?" anamuuliza mwandishi.

Kazini nako mambo yamemchanganya. Zamani alipokea magari manne au matano kwa mwezi. Sasa akipata mawili anashukuru. Watu wanaagiza gari kuukuu kutoka Japani, na wanajivunia kwamba halijaguswa.

"Mteja ananiambia, usiniharibie, nataka rangi yake ya kulekule. Mimi nimelelewa kwamba uzee wa gari ni aibu ya mwenyewe. Leo uzee umekuwa sifa. Lini ilibadilika? Mbona hakuna aliyetutangazia?"

Siku hizi, kabla hajashika msasa, humuuliza mwenye gari kila mkwaruzo ulitoka wapi na kama kuna anaoutaka ubaki. Kuuliza si ujinga, lakini mwenye Toyota ya leo alimtazama kama mtu aliyepigwa na jua.

Hatimaye Kitwana alijikaza akarudi Mchafukoge na kipande cha msasa laini. Alimwomba Jasumati amruhusu akwangue paa, mviringo uleule, ukubwa uleule.

Yule mama alicheka kwa mara ya kwanza. "Kitwana, unataka kunichorea mume?"

Juzi mwandishi alimsindikiza dukani. Kigari kipo kwenye kaunta, kando ya futi ya kupimia. Jasumati anabishana na mteja juu ya bei ya poplini, na huku anabishana kidole gumba chake kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, juu ya paa la kijani. Ni kama hajui anafanya hivyo. Kitwana anajua, na ameinama kukitazama kwa karibu.

Paa linang'aa vilevile.

"Mama, samahani," anasema kwa sauti ya chini, mteja alipoondoka. "Ile vanishi niliweka ngumu."

"Naiona, fundi. Mwanangu Ankit ananiita Leicester, Uingereza, nikakae naye. Nimemwambia bado nina kazi hapa."

Nje ya duka, mwandishi anamuuliza Kitwana mipango yake. Anasema angependa gereji yake mwenyewe, yenye paa zuri na kompresa isiyokohoa. Kisha anageuka kulitazama duka.

"Tangu ujana wangu, kila gari ninalolipaka naliombea rangi ishike," anasema. "Hii moja naiombea itoke. Itoke mama angali hai."