Kiboko Katika Chumba cha Picha

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, nikatolewa kwenda kuchunga ng'ombe. Kwa hivyo leo wasomi wakisema mtu kama mimi hana la kusema juu ya sanaa, nawaambia nilimwaga damu ndani ya jumba la sanaa kabla wao hawajazaliwa, na nyingine ilikuwa yangu.

Jumba lenyewe lilikuwa chumba kirefu cha mawe katika shule moja ya Eldoret ambayo zamani ilikuwa ya watoto wa Wazungu peke yao. Ukutani walikuwa wametundika picha za farasi, za mbwa wa kuwinda, na za mama mmoja mnene mwenye lulu shingoni. Uhuru ulipokuja Wazungu wakauza mashamba wakaenda zao, farasi wakabaki ukutani. Akaletwa mwalimu wa kuchora, kijana wa upande wa Kakamega aliyesomea Uganda, mwembamba, mwenye rangi kwenye kucha kila siku. Huyo aliwatoa farasi akawaegemeza pembeni, akatangaza kwamba chumba sasa ni cha watu wote. Jumamosi mlango unafunguliwa, raia anaingia bure, na mtu mzima anasimama kando ya kitu chake na kuwaeleza wanafunzi habari yake.

Akaja mpaka kwetu Kapseret. Sisi tulikuwa tumejiunga tukanunua shamba la yule Mzungu tuliyemfanyia kazi. Mwalimu alikuwa anatafuta mashati ya kazi yaliyochakaa. Watu walimcheka, wakampa. Wanawake walifurahi sana kupunguza matambara nyumbani. Kwangu alipewa shati, akaona na kiboko, akaniomba nisimame nacho Jumamosi.

Mzungu alipoondoka, wenzangu waligombania viti na meza, mmoja akabeba lile karai kubwa la kuogea akanyweshea ndama. Mimi niliingia ofisini nikatoa kiboko kwenye msumari nyuma ya mlango. Bibi yangu aliniuliza cha nini. Nilimwambia sijui, lakini kwenye ule msumari hakikai tena.

Sasa nieleze, maana hapa ndipo watu hukosea. Mzungu mwenyewe hakuwa anapiga sana. Yeye alikaa barazani na chai. Aliyepiga ni nyapara, na nyapara alikuwa mtu wa rika langu. Tulitahiriwa msimu mmoja, damu yetu iliingia udongo mmoja. Kwetu mtu hainui mkono kwa mtu wa rika lake. Akiinua, hiyo si kesi ya watu wawili, ni kesi ya rika nzima. Siku moja mtamba aliniponyoka akaingia kwenye ngano. Nililazwa kifudifudi juu ya magunia ya mahindi, nyapara akanichapa mpaka shati likaingia ndani ya nyama, bibi yangu akalitoa kwa maji ya moto na mafuta. Watu wa rika walipomuuliza, alijibu, "Mkono haukuwa wangu. Ulikuwa wa Mzungu. Mimi nilikuwa mpini tu." Wakanyamaza, kwa sababu wote walikula kwa huyo Mzungu. Mimi pia nilinyamaza.

Tuliponunua shamba, nyapara akawa mwenyekiti wetu. Ndiye angetembea na sorveya, mpimaji wa ardhi, na kuonyesha nani anakaa wapi. Mimi nilitaka kipande cha mtoni. Kila mtu alijua, maana nilikuwa nimeshajenga boma la ndama pale. Basi aliposikia nitasimama Jumamosi kueleza habari ya kiboko, alikuja kwangu, akanywa chai, akasifu ndama. Halafu akasema, "Sema ni Mzungu. Ukisema Mzungu, mtoni ni kwako. Ukisema mtu mwingine, kule juu kuna mawe mazuri sana." Akacheka. Nilimwambia chai imeisha.

Jumamosi nikafika na kanzu yangu nyeusi ya kanisani, iliyonibana kwapani. Mwalimu alikuwa ameyajaza mashati yale majani makavu, akayaning'iniza kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta. Hayana vichwa, hayana miguu, na yote yametazama upande ule mwingine. Ukiingia unakutana na migongo. Nilitambua langu mara moja, mgongo umeshonwa kwa uzi wa gunia. Mbele ya mashati, kiboko kwenye kigingi, wazi, bila kioo. Mwalimu alisema vitu vya chumba chake lazima vishikwe, mkono nao ujifunze. Kijana mzuri, lakini alikuwa mgeni wa kesi yetu. Mwenyeji gani angeweka kiboko wazi na kumkalisha nyapara kiti cha mbele?

Chumba kilijaa: wanafunzi wa sare, wakulima wenye viatu vya gambuti, akina mama waliotoka Plateau na vikapu vyao. Mwenyekiti alikuwa na koti jipya.

Nilieleza habari ya mtamba, ngano na magunia. Sikupamba. Nilipomaliza, mwanafunzi mmoja akainua mkono akauliza kwa adabu, "Mzee, huyo Mzungu alikuwa anapiga na mkono wa kulia ama wa kushoto?"

 Siwadanganyi, niliuona mto. Niliona ndama zangu zimeinamisha vichwa zinakunywa. Halafu nikatazama ule uzi wa gunia.

"Hakuwa Mzungu," nikasema. "Aliyenipiga amekaa hapa mbele na koti. Muulizeni yeye mkono gani."

Mama mmoja alishika mdomo. Mwenyekiti akasimama polepole, na yule mtu alikuwa mwerevu, akaigeuza kuwa mzaha. Alisema mimi nilikuwa mvivu, na ngoja awaonyeshe vile mvivu anavyoamshwa. Akachukua kiboko kwenye kigingi. Akachapa shati la kwanza, likapasuka, majani yakaruka. Wanafunzi wakacheka, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Akachapa la pili. Akachapa langu, na nyuzi za bibi yangu zikafunguka moja kwa moja.

Niliingia katikati. Kipigo kilichofuata kilinipata sikioni na shingoni. Mwili una kumbukumbu yake, bwana. Magoti yalitaka kwenda chini yenyewe, kama zamani. Hayakwenda. Nilimpiga ngumi ya mdomo, nikasikia meno yakikubali. Tukaangukia mashati. Waya ukakatika upande mmoja, migongo ikatumwagikia. Mwalimu aliruka kutuamua akapata kiwiko, akaangukia picha za farasi, kioo kikavunjika chini yake. Mwenyekiti aliniuma mkono. Nilimnyang'anya kiboko, na yeye amenaswa kwenye waya na mikono ya mashati kama samaki wavuni, nikamchapa. Nilichapa mpaka koti likafunguka. Nilichapa mpaka ndani ya koti kukaonekana. Hakuna aliyecheka tena. Alilia, na nasema alilia kwa sababu alilia. Wakulima walinirukia wengi ndipo wakaniweza, na mmoja alinikalia kifuani mpaka pumzi ikaniishia.

Rika ilikaa kwenye dipu, josho la ng'ombe, wiki iliyofuata. Mwalimu alikuja bila kuitwa, midomo imefura, akaomba kusema. Akaeleza kwamba katika sanaa kuna kazi ambayo watu wanaingia ndani yake wakaigiza, na kwamba siku ile maonyesho ndiyo yaliyotutuma, kwa hivyo mkono haukuwa wa mtu. Wazee wa rika walipenda sana maneno hayo. Walitaka kesi iishe warudi kwa ng'ombe zao.

Wakaanza na mwenyekiti. Zamani, ulipompiga mwenzako, mkono ulikuwa wa nani? Akajibu lile lile, wa Mzungu, na wa Jumamosi ulikuwa wa maonyesho. Wakaandika vichwani: huyu hana kesi. Wakanigeukia.

"Chukua maneno ya mwalimu," mmoja akaninong'oneza. "Amekufungulia mlango, wewe pita tu."

Nilisimama. "Mkono ulikuwa wangu," nikasema. "Na kama hamngenikalia kifuani, ungekuwa wangu mpaka jioni."

Basi kesi ikawa yangu peke yangu. Nilileta kondoo dume na pombe. Tukala. Wakakata vipande vya ngozi ya yule kondoo, mimi nikamvika mwenyekiti kidoleni na yeye akanivika.  Kwetu ngozi ikishavaliwa, kosa lile limefunikwa, halisemwi tena.

Sorveya alipokuja, mtoni wakapewa watu wengine. Mimi nilipata mawe ya juu. Niliyavunja kwa nyundo kubwa, cheche zikinichoma miguu, vipande vikinikata uso, na katikati ya mawe nikapanda viazi. Ng'ombe zangu zilikunywa baada ya ng'ombe za wote.

Kule shuleni, mwalimu hakushona kitu. Aliacha mashati yalivyoanguka, na majani, na damu iliyokauka juu ya majani, akazungusha kamba ili watu wapite kando. Mkuu wa shule alitaka pafagiwe. Walibishana mpaka wanafunzi wakasikia madirishani, na mwalimu akashinda, kwa sababu watu walikuwa wanakuja hata kutoka Kiplombe kutazama. Akanitumia ujumbe nirudi nisimame kando ya kamba. Nikarudi, na kila nikiulizwa nani alipiga, nilimtaja.

Ndipo mwenyekiti akamtuma bibi yake kwangu. Alikuja na maziwa ya kibuyu, akakaa, akasema kwa heshima, "Mzee, si ngozi mlivaa? Mbona hii habari bado unaitoa nje?"

"Mama, ngozi ile ilifunika kosa langu," nikamjibu. "Lake alisema halipo. Mimi nitafunikaje kitu ambacho hakipo? Mwambie alete kondoo wake kwa rika, aseme mkono ulikuwa wake, na mimi nitanyamaza mpaka kaburini."

Alimaliza chai, akaondoka na kibuyu chake. Nilingoja wiki hiyo yote, maana mlango wa boma langu hauna kufuli. Hakuna kondoo aliyekuja. Jumamosi nikavaa viatu, nikaenda mjini.